Kwa Nini Dagaa Huvuliwa Usiku wa Giza

(Somo hili lilisomwa redioni kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Limepigwa chapa ili kila mwanafunzi aweze kulisoma tena darasani au nyumbani. Panapoandikwa PUMZIKO, mwalimu wa darasa awape wanafunzi nafasi ya kuzungumza kabla ya kuendelea.)

MANENO YA LEO

Kina: umbali wa kutoka juu ya maji mpaka chini kabisa.
Vijidudu vya maji: viumbe wadogo sana wanaoelea majini. Wengi ni wadogo kama punje ya chumvi.
Mwezi mpevu: mwezi uliojaa, wa duara kamili.
Mwangwi: sauti inayogonga kitu na kurudi.
Oksijeni: sehemu ya hewa ambayo karibu kila kiumbe huihitaji ili aishi. Samaki huipata ndani ya maji.

SOMO

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba walioketi nyuma wananisikia, na kwamba kila mtu ana daftari na kalamu. Leo tutasoma juu ya kitu ambacho labda kimo jikoni mwako sasa hivi, nacho ni dagaa.

Somo hili limetokana na ugomvi. Wiki chache zilizopita nilitembelea darasa moja huko Buzuruga, hapa Mwanza. Tulipomaliza hesabu, mama mmoja alisimama. Jina lake sitalitaja. Yeye huuza dagaa wakavu kwa kopo na kwa sado, si mbali na stendi. Alisema, "Mwalimu, mimi nimeibiwa, na sijui nimshitaki nani."

Akatueleza. Yeye na wenzake wanne walichanga fedha, na fedha nyingine walikopa. Akatumwa Mwaloni, Kirumba, akanunue dagaa. Alipofika alikuta bei imepanda sana kuliko ile aliyoijua siku kumi kabla yake. Akamwuliza mzee anayemwuzia siku zote, kulikoni? Mzee akamjibu kwa neno moja: "Mbalamwezi." Mama akaona anachezewa. Akamwita mzee yule mwizi mbele ya watu, akanunua nusu ya mzigo aliotumwa, akarudi nyumbani. Huko nako wenzake walitazama mzigo, wakatazama fedha iliyobaki, wakaanza kumshuku yeye kwamba ndiye aliyekula fedha za kikundi.

"Tangu lini mwezi wa mbinguni ukapandisha bei ya dagaa?" aliniuliza. Darasa lilicheka, lakini yeye hakucheka. Nami sikucheka, maana niliona kwamba kwa neno moja lisiloelezwa watu sita wameanza kuvunjiana heshima. Nikamwahidi kwamba nitalijibu swali lake redioni, ili na wengine wanufaike.

Basi tuanze. Kwanza tutamwangalia dagaa mwenyewe na mahali anapoishi. Kisha tutaangalia safari yake ya kila siku. Mwisho tutarudi kwenye mwezi na bei.

Dagaa ni nani?

Dagaa wa Ziwa Viktoria ni samaki mdogo, mwembamba, mwenye magamba yanayong'aa kama fedha. Wenzetu wa Kenya humwita omena, na wa Uganda humwita mukene. Jina lake la kitaalamu alipewa mwaka 1904, na sehemu ya pili ya jina hilo maana yake ni "wa fedha". Mara nyingi hazidi urefu wa kidole.

Hapa pana jambo ambalo wengi hatulijui. Dagaa wetu na dagaa wa Kigoma ni samaki mbalimbali, ijapokuwa tunawaita kwa jina moja. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa ukoo wa samaki wa baharini wanaofanana na simu. Dagaa wetu ni ndugu wa mbali wa ningu na kuyu. Lakini ingawa koo zao ni mbali, desturi yao ni moja: mchana hushuka, usiku hupanda. Mambo yanayofanana namna hii kwa viumbe wasio ndugu hutuambia kwamba desturi hiyo ina faida kubwa. Tutaiona faida yenyewe sasa hivi.

Ziwa ni kama nyumba ya ghorofa

Ziwa Viktoria ni pana sana, lakini si la kina kirefu. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 68,800, na mahali palipo na kina kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Ziwa Tanganyika, ambalo ni jembamba, lina kina cha mita 1,470. Hata hivyo mita 80 si haba. Ukisimamisha minazi mirefu mitatu, mmoja juu ya mwingine, ndipo utafika.

Tulifikirie ziwa hili kama nyumba ya ghorofa. Ghorofa ya juu ina mwanga wa jua. Humo huota mimea midogo mno, ile inayoyafanya maji yawe na rangi ya kijani. Vijidudu vya maji hula mimea hiyo, na samaki wadogo hula vijidudu. Kwa hiyo ghorofa ya juu ndiyo jiko la nyumba.

Ghorofa ya kati ina mwanga hafifu. Ghorofa ya chini ni giza, na sakafu yake mara nyingi ni tope laini. Usidhani kwamba giza hilo liko mbali. Maji yetu si maangavu. Mtu akifunga sahani nyeupe kwa kamba na kuishusha majini katika ghuba yetu, itampotea machoni baada ya mita chache tu.

Kila ghorofa ina wapangaji wake. Chini kuna uduvi wadogo wa ziwani, konokono, na mabuu ya wadudu waliojificha ndani ya tope. Kuna gogogo na hongwe. Kuna furu wa namna nyingi: wengine hula tope, wengine konokono, wengine vijidudu vya maji. Na yuko sangara, mkubwa wa nyumba, anayeweza kufika urefu wa karibu mita mbili, naye hupita ghorofa zote akitafuta mawindo. Juu ya paa la nyumba wamo adui wengine: mdiria, yule ndege mweusi na mweupe anayejitupa majini kama jiwe, na mnandi, anayepiga mbizi.

Sasa, dagaa mzima hukaa ghorofa gani? Jibu ni kwamba yeye hana ghorofa moja.

PUMZIKO. Mwalimu, waulize wanafunzi: Ni nani hapa amewahi kuona dagaa wakivuliwa mchana? Kama hapana, kwa nini?

Safari ya kila jioni

Mchana, dagaa wazima hukaa chini, karibu na sakafu ya ziwa. Jua linapoanza kuzama, nao huanza kupanda. Giza linapoingia huwa wamefika karibu na uso wa maji, nao hutawanyika humo usiku kucha. Alfajiri, kabla jua halijatoka vizuri, hushuka tena. Kesho yake ni hivyo hivyo, na kesho kutwa, mwaka mzima. Dagaa wachanga ndio wasioifuata sana desturi hii. Wengi wao huonekana katika maji ya juu na karibu na ufuko.

Dagaa si msafiri wa peke yake. Vijidudu vya maji vingi navyo hupanda usiku na kushuka mchana. Hali kadhalika, mabuu ya wale wadudu wadogo wa ziwani, tunaowaona wakipaa juu ya maji kama nguzo za moshi, mchana hujificha ndani ya tope, na usiku hutoka na kuogelea kuelekea juu. Tena wako furu wanaokula vijidudu vya maji, ambao nao mchana huwa chini na usiku hupanda kidogo. Kwa hiyo kila jioni umati mzima huhama ghorofa. Sisi tulio ufukoni hatuoni chochote ila maji yaliyotulia.

Kwa nini wanajisumbua hivyo? Sababu kubwa ni mbili, na kila mama anayetafuta riziki atazifahamu upesi. Sababu ya kwanza ni chakula: jiko liko juu. Sababu ya pili ni hatari: mchana jikoni kuna mwanga, na penye mwanga adui anaona. Samaki mdogo anayeng'aa kama fedha akiwa juu mchana, mdiria atamwona kutoka hewani na sangara atamwona kutoka chini. Basi dagaa hufanya kama mtu mwenye deni: mchana hujificha, usiku hutoka kutafuta chakula. Hata usiku hatari haiishi, lakini hupungua.

Na ni nani anayewaambia kwamba saa imefika? Ni mwanga wenyewe. Unapopungua wao hupanda, unapoongezeka wao hushuka. Huko baharini wataalamu wameona kwamba jua likipatwa mchana, viumbe wa majini huanza kupanda kana kwamba jioni imefika, na jua likirudi hushuka tena. Shikeni sana jambo hili: mwanga ndio unaoamuru. Bei ya dagaa inatokana na jambo hilo hilo.

Tumejuaje haya?

Mtu anaweza kuuliza, "Nani alizama majini usiku akayaona?" Hilo ni swali zuri. Mambo haya yamejulikana kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni nyavu. Mwaka 1977 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kufanya kazi hapa Mwanza, katika ghuba yetu. Mmoja wao aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi alikuwa Bwana Frans Witte. Wao na wataalamu wa Tanzania walivua samaki katika vina mbalimbali, mchana na usiku, wakawahesabu na kuwapasua matumbo waone wamekula nini. Ukitega wavu mmoja juu na mwingine chini, ukaja kuhesabu mchana kisha usiku, hesabu yenyewe itakuonyesha nani amehama.

Njia ya pili ni mwangwi. Ukipiga kelele karibu na mawe makubwa yetu ya Mwanza, sauti hurudi. Kipo chombo kinachotuma sauti chini ya mashua, nayo hugonga sakafu ya ziwa na kurudi. Kwa kupima muda wa kurudi, tunajua kina. Lakini samaki nao hurudisha mwangwi. Kwa hiyo chombo hicho huonyesha dagaa wako kina gani, na saa ngapi. Hapa ziwani hutumika pia kukadiria wingi wao.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanamaji wa Marekani walitumia vyombo vya mwangwi kutafuta manowari. Walishangaa kuona kitu kama sakafu katikati ya bahari, mahali ambapo walijua kwamba sakafu ya kweli iko mbali zaidi. Ajabu zaidi, sakafu hiyo ilipanda jioni na kushuka asubuhi. Mwaka 1945 mtaalamu mmoja, Bwana Martin Johnson, alionyesha katika bahari ya California kwamba haikuwa sakafu, bali viumbe hai. Ni umati mkubwa wa samaki na wadudu wa bahari wakihama kila siku.

Wengi miongoni mwa samaki hao ni wale wanaoitwa samaki-taa, kwa sababu miili yao ina vidoa vinavyotoa mwanga. Wako aina kama 250, katika bahari zote kuu, pamoja na Bahari yetu ya Hindi. Mchana wengi hukaa kati ya mita 300 na mita 1,000 chini ya maji, na usiku hupanda mpaka karibu na uso. Samaki wakali wa vilindini huwafuata nyuma. Wataalamu husema kwamba hakuna uhamaji wa wanyama duniani unaoushinda huu kwa ukubwa, nao hutokea kila siku. Hivyo dagaa wetu, katika ziwa lenye kina kidogo, anafuata sheria ile ile ya samaki wa vilindi vya bahari.

PUMZIKO. Mwalimu, waulize wanafunzi: Ziwa au bahari isingekuwa na adui wanaotumia macho, je, samaki wadogo wangehitaji kushuka mchana?

Taa na mwezi

Sasa turudi ufukoni. Wavuvi wetu wa dagaa hutoka jioni na taa. Zamani zote zilikuwa karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri, nyingine zikijazwa umeme kwa jua. Taa huwekwa zielee juu ya maji, nao husubiri. Dagaa wakikusanyika, hutandaza wavu na kuwazunguka.

Najua kuna mwanafunzi anayetaka kunishika hapa. Atasema, "Mwalimu, umetuambia dagaa hukimbia mwanga. Inakuwaje aifuate taa?" Jibu ni hili. Jua huangaza ziwa lote kwa wakati mmoja, na hakuna pa kujificha ila chini. Taa ni doa dogo la mwanga katikati ya giza kubwa. Wadudu na vijidudu hukusanyika penye doa hilo, na dagaa anayetafuta chakula kwa macho yake hufuata meza iliyoandaliwa.

Lakini taa ina nguvu wakati giza linapoizunguka. Mwezi mpevu ukitoka, ziwa lote linaangazwa. Taa inakuwa kama mshumaa uliowashwa mchana. Dagaa hawakusanyiki, hutawanyika, na mvuvi hutupa wavu mara nyingi akipata kidogo. Mafuta au betri inatumika, vijana wa mashua wanataka posho, na mapato hayalipi gharama. Ndiyo maana siku za mwezi mpevu mashua nyingi za dagaa hupumzika, na watu hushona nyavu. Dagaa hawakuondoka ziwani, ila hawapatikani.

Tuchukue kalamu sasa, tufanye hesabu. Mwezi hurudia hali yake baada ya siku 29 na nusu. Kila siku huchelewa kuchomoza kwa dakika kama 50. Siku ya mwezi mpevu, unachomoza wakati jua linapokuchwa, nao unatua wakati jua linapochomoza. Kwa hiyo usiku huo hauna giza hata kidogo.

Sasa, siku tatu baada ya mwezi mpevu, mwezi utachelewa kwa dakika ngapi? Zidisha 50 kwa 3. Ni dakika 150, yaani saa 2 na dakika 30. Hapa Mwanza jua hukuchwa karibu saa 12 na dakika 45 jioni. Ongeza saa 2 na dakika 30, utapata saa 3 na robo usiku. Hapo ndipo mwezi utakapochomoza. Kwa hiyo mvuvi ana giza kidogo mwanzo wa usiku. Kila siku inayofuata giza lake huongezeka kwa dakika 50 nyingine. Siku ya saba mwezi huchomoza karibu saa 6 na nusu usiku. Wiki ya pili ikimalizika, mwezi haupo kabisa, na giza ni la usiku kucha. Hizo ndizo siku za mavuno makubwa. Baadaye mwezi mchanga huonekana magharibi jioni na kutua mapema, kisha kila siku hukawia zaidi kutua, mpaka unajaa tena.

Basi, mama wa Buzuruga, mzee wa Mwaloni hakukudanganya alipotaja mbalamwezi. Siku ulizokwenda, dagaa walioko sokoni walikuwa wachache. Penye mali chache na wanunuzi wengi, bei hupanda.

Wapangaji waliobadilika

Kabla hatujamaliza, lazima tuseme juu ya mabadiliko ya nyumba hii, maana wazee waliomo darasani wameyaona kwa macho yao.

Zamani furu walikuwa ndio wengi kuliko samaki wote wa chini ya ziwa. Katika uchunguzi uliofanywa kati ya 1969 na 1971 kwa nyavu za kukokota, kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini walikuwa furu. Aina zao zilizidi 500. Lakini katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, sangara alipandikizwa katika ziwa hili, upande wa Uganda na Kenya. Katika miaka ya 1980 aliongezeka sana upande wetu wa Mwanza, akawala furu. Inakadiriwa kwamba aina kama 200 za furu zilitoweka. Furu walipopungua, sangara aligeukia uduvi, dagaa, na hata watoto wake mwenyewe.

Dagaa aliwindwa, lakini hakuisha. Yeye huzaa upesi na hukua upesi. Tena furu walipoondoka, chakula chao kilibaki. Dagaa wakaanza kula uduvi na vijidudu vya chini wakati wa mchana, vitu ambavyo zamani vilikuwa vya furu. Leo, ukipima kwa uzito, dagaa ndio wanaoongoza katika samaki wote wanaovuliwa ziwani. Lakini wanakomaa wakiwa wadogo kuliko zamani. Na tangu miaka ya 1990 baadhi ya furu wamerudi, hasa wale wanaokula vijidudu vya maji.

Kuna jambo jingine. Ghorofa ya chini haina hewa nzuri wakati wote. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huyachanganya maji, na oksijeni hufika chini. Miezi mingine maji hujipanga kwa tabaka, na sehemu za kina kirefu hupungukiwa na oksijeni. Uchafu wa mijini na udongo unaotoka mashambani ukiingia ziwani hurutubisha mimea midogo ya maji. Mimea hiyo ikifa huzama na kuoza, na kuoza huko hutumia oksijeni. Hivyo samaki anayetaka kujificha chini anaweza kukuta chumba kimefungwa. Taka tunazotupa mitaroni huku Buzuruga mvua huzisukuma kuelekea ziwani. Yale tunayoyafanya barabarani yanafika mpaka kwenye ghorofa ya dagaa.

Na neno kwa wavuvi wanaotusikiliza. Nimesema kwamba dagaa wachanga wengi wako karibu na ufuko. Humo wamo pia watoto wa sangara, wa sato na wa furu. Anayevuta wavu wa macho madogo ufukoni kwa taa huvuna mbegu pamoja na mazao. Mvuvi anayekwenda maji ya mbali hupata dagaa waliokomaa, na mwakani atawapata tena.

Mwisho wa habari

Nilirudi Buzuruga kabla ya somo hili, nikamweleza yule mama mambo haya, na kikundi chake chote kikiwapo. Tulitundika kalenda ukutani, tukatia alama siku za mwezi mpevu na siku za giza. Mmoja wa wenzake, aliyekuwa amenuna muda wote, aliivuta ile kalenda karibu, akahesabu kwa kidole tarehe ambayo mama alikwenda Mwaloni. Ilikuwa siku moja baada ya mwezi mpevu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, tukusamehe, nawe utusamehe." Mama akasema kwamba yeye pia ana mtu wa kumwomba radhi, naye atapanda gari kesho yake kwenda Kirumba.

Sasa wamekata shauri. Watanunua siku za giza, wakati dagaa ni wengi. Watawaanika vizuri juu ya chanja, wala si mchangani, wawaweke pakavu, na wauze siku za mbalamwezi. Nikawaonya kwamba kalenda haijui kila kitu. Upepo mkali huzuia mashua hata usiku wa giza, na mvua huozesha dagaa ambao hawajakauka. Tena mwezi si wakili wa kila mfanyabiashara. Ikiwa ni siku za giza, ziwa limetulia, jua linawaka, na bado mtu anakuambia bei imepanda kwa sababu ya mbalamwezi, hapo una haki ya kumwuliza vizuri. Lakini uliza kwa heshima, ukiwa na kalenda mkononi.

Kazi ya nyumbani

Chora jedwali lenye nafasi tatu: tarehe, hali ya mwezi, na bei ya kopo moja la dagaa hapo unaponunua. Lijaze kwa siku 30. Kisha njoo nalo darasani, mlinganishe.

Maswali

1. Dagaa wazima hukaa wapi mchana, na hukaa wapi usiku?
2. Taja sababu mbili zinazomfanya dagaa ahame kila siku.
3. Kwa nini taa ya mvuvi haina nguvu wakati wa mwezi mpevu?
4. Mwezi ukichelewa dakika 50 kila siku, siku ya nne baada ya mwezi mpevu utachomoza saa ngapi hapa Mwanza?
5. Dagaa walifaidikaje furu walipopungua?
6. Jadilianeni: Mtaani kwenu, ni uchafu gani unaofika ziwani, na nani anaweza kuuzuia?

Wazee wangu na ndugu zangu, muda wetu umekwisha. Jioni ya leo, ukiwa mahali unapoliona ziwa, litazame kidogo jua linapokuchwa. Saa hiyo hiyo dagaa wanapanda. Kwaherini, mpaka somo lijalo.